Nililiacha Zima

Mwezi wa Aprili, kule kaskazini mwa Marekani na Kanada, una sentensi yake. Theluji imeshayeyuka, mwenye tela anakwenda alikoliegesha tangu Oktoba, analivua turubai, analifunga nyuma ya pikapu, anatoka nalo taratibu hadi mwisho wa uchochoro, anakanyaga breki. Pikapu inatii. Tela halitii, linamsukuma kwa nyuma kama abiria wa daladala aliyeona kiti kimoja kimebaki. Hapo ndipo sentensi inapomtoka: "Lakini mimi nililiacha zima!" Huisema kwa uchungu wa mtu aliyemwachia jirani mbuzi, akarudi akakabidhiwa kamba. Mimi sina shaka naye. Naamini kabisa kwamba aliliacha zima. Ninachobisha ni kwamba sentensi hiyo, pamoja na ukweli wake wote, haina kazi yoyote katika kutafuta ugonjwa wa breki. Tena ndiyo inayowapoteza watu njia, kwa sababu humfanya mwenye tela atafute kilichovunjika leo asubuhi badala ya kuuliza nani alikuwa kazini miezi sita tela likiwa limesimama. Ni ushahidi wa Oktoba katika kesi ya Aprili.

Kwetu neno tela huleta picha ya lori linalopanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa kobe, utingo akichungulia dirishani. Hili ni tela jingine. Ni nyumba ndogo iliyokaa juu ya ekseli mbili, ina kitanda, jiko la gesi, choo na mapazia ya maua, uzito wake tani mbili, tatu au zaidi, na familia hulikokota nyuma ya gari lao kwenda nalo ziwani au mbugani. Sehemu kubwa ya matela haya hutengenezwa katika mji mmoja na viunga vyake, Elkhart, jimbo la Indiana. Bara letu liliwahi kuyaona kwa wingi: msafara wa Wally Byam, mwasisi wa Airstream, ulikatiza Afrika kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960 ukiwa na matela 41 ya alumini inayong'aa kama sufuria mpya. Nadhani matela hayo yalipata kila tabu ambayo barabara inaweza kumpa mgeni, isipokuwa moja: hayakupata nafasi ya kukaa bure. Tela la kawaida la Mmarekani halina bahati hiyo. Husafiri wiki chache za kiangazi, na mwaka uliobaki husimama uani au kwenye kiwanja cha kukodi, na kule kusimama ndiko kunakolimaliza.

Ili kuona kwa nini, inabidi tuchungulie ndani ya gurudumu. Breki ya tela hili, mara nyingi, haina bomba wala mafuta ya breki. Ina waya. Dereva akikanyaga breki ya pikapu, kidude kilichofungwa karibu na usukani, kinachoitwa kontrola, hupeleka umeme nyuma. Umeme huingia kwenye sumaku yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, iliyo ndani ya dramu. Sumaku hujing'ang'aniza kwenye uso wa dramu inayozunguka, ikaburutwa nayo kidogo, na mkono ulioibeba sumaku huzisukuma breki shuu zikaibana dramu. Ni ujanja wa kupendeza: gurudumu linajikaba lenyewe kwa nguvu zake lenyewe, umeme kazi yake ni kulichokoza tu.

Lakini tazama ujanja huo umeacha mlango gani wazi. Lori la mizigo lina breki za upepo, na katika breki zake za kuegeshea springi ndiyo inayobana, upepo ndio unaoachia. Upepo ukivuja, matairi yanafunga, lori linagoma kuondoka, utingo anatumwa uvunguni na spana, foleni nyuma inapiga honi na kutukana. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wenye kelele, na kelele huokoa watu. Tela la nyumba limeumbwa kinyume chake. Umeme ukikosekana, breki zinaachia. Tela ambalo breki zake zimekufa huondoka kwa wepesi na adabu kuliko lenye breki nzima: halivuti, halilii, halinuki. Kila ugonjwa wake hufanana na afya mpaka mteremko wa kwanza. Ndiyo maana nasema breki za tela lililokaa zihesabiwe maiti mpaka zenyewe zitoe ushahidi kwamba zi hai. Kumtendea binadamu hivyo ni ukatili, lakini breki haitachukia.

Turudi basi kwa waliokuwa kazini. Mwenye tela husema lilikuwa limepumzika, na ukweli ni kwamba aliyepumzika ni yeye. Wala si kwamba alikuwa mzembe. Kabla ya baridi alitoa maji yote kwenye mabomba, akamimina ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, akaweka naftalini kabatini, akauacha mlango wa friji wazi isije ikanuka, akalifunika tela zima kama bi harusi anayengoja kutolewa. Breki hazikupewa hata salamu. Kisha zamu zikaanza. Unyevu ndio uliofungua kazi: mchana chuma kinapata joto kidogo, usiku kinapoa, umande unakaa juu yake, na uso wa ndani wa dramu hauna rangi ya kuukinga, kwa sababu ni uso wa kusuguliwa. Kutu ikala pale sumaku inapotakiwa kushika, ikala na kiungo cha ule mkono wa sumaku mpaka ukawa mzito kama goti la mzee asubuhi ya kipupwe. Panya naye anaingia majira hayo hayo akitafuta pa kulala, na ganda la waya kwake ni kitu cha kunolea meno. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, nao hawakuliona tela, ambamo paka hakuwahi kuripoti kazini tangu mwanzo. Na betri, hata isipoguswa na mtu, hupungukiwa chaji polepole. Ikikaa tupu katika baridi kali huganda. Hao wote walifanya kazi bila likizo wala ujira. Sasa mtu anakuja Aprili na kusema hakuna kilichofanyika!

Hapa hujitokeza mpinzani wa kwanza, na hoja yake ni nzuri kwa sura. Anawasha taa za tela, anazunguka nyuma, anarudi na ushindi: "Taa zote zinawaka. Kama waya ungekuwa mbovu, zingewakaje?" Zingewaka vizuri sana. Taa za siku hizi za LED hula umeme kidogo mno, kiasi kwamba waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba unazitosheleza na kubaki na chenji. Sumaku za breki si wageni wa namna hiyo. Kila moja inataka takriban ampea 3, na tela la ekseli mbili lina sumaku nne, kwa hiyo zikiamka pamoja zinadai kama ampea 12. Kutoa hukumu juu ya breki kwa kutazama taa ni kama kusema bomba la mtaa ni zima kwa kuwa limejaza kikombe. Ngoja siku ya harusi, wapishi waje na mapipa. Tena taa na breki hazipiti waya mmoja. Plagi inayounganisha gari na tela ina njia saba, na ya breki kwa kawaida ni waya wa buluu, peke yake, ambao hauna taa yoyote ya kuutolea habari. Wanachokula pamoja ni waya mweupe tu, wa ethi, unaorudisha umeme ulikotoka, na huo ndio kikulacho ki nguoni mwako halisi. Umefungwa kwa skrubu kwenye chuma cha tela, chini, mahali pa kwanza kurushiwa maji ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nikiambiwa nitaje mshukiwa mmoja kabla sijaliona tela lenyewe, nitamtaja huyo.

Mpinzani wa pili ni msomi zaidi, amekuja na mita. Ameuchomoa waya kwenye sumaku, mwenzake amekanyaga breki, mita imesoma volti 12, naye ameamua kwamba umeme unafika na sumaku ndiyo iliyokufa. Anaandika orodha ya kununua. Huyu namheshimu, na ndiye ninayemhofia, kwa kuwa amekosea kwa ushahidi. Mita haili umeme, inauonja. Waya uliooza mpaka umebaki uzi mmoja utaipa mita volti 12 kamili, kwa sababu mita haiombi kitu. Airudishie sumaku waya wake, mwenzake akanyage tena, kisha apime pale pale, kazi ikiwa inaendelea: zile volti 12 zinaweza kugeuka 7, zilizobaki zimeliwa njiani. Mita ilisema kweli mara zote mbili. Iliulizwa maswali mawili tofauti. Na mlaji wa njiani hapatikani kwa kufikiri, hupatikana kwa kulala chali uvunguni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa haitoshi kuinama. Kila sumaku ina nyaya mbili, na kila waya umeungwa na mwenzake kwa kiungio kidogo cha kubana cha plastiki, kwa hiyo magurudumu manne peke yake yana viungio vinane vinavyoning'inia nusu meta kutoka ardhini. Kipasue kimoja kilichokaa misimu mitatu. Shaba iliyoingia humo ikiwa nyekundu utaikuta imekuwa kijani kama kisamvu, na ukiipinda kwa kidole inapukutika ikakuachia unga kwenye kucha. Kwa nje plastiki inang'aa bado.

Kwa sababu hiyo napenda zaidi kipimo cha ampea, na hapa naomba msomaji asikimbie, maana hesabu yenyewe ni ya mgao wa maandazi. Sumaku zote nne zimeungwa sambamba, kila moja inachota fungu lake moja kwa moja. Chukua mita inayopima ampea, iweke kwenye waya wa breki karibu na plagi, betri ikiwa na chaji ya kutosha, kisha bonyeza kontrola mpaka mwisho. Ikisoma karibu na 12, wote wanne wamekula. Ikisoma 9, mmoja amelala njaa. Ikisoma 6, wawili, na kama wote wawili ni wa ekseli moja, basi kuna sababu ya kutazama ule waya unaopita ndani ya bomba la ekseli kutoka gurudumu hadi gurudumu, ambao kwa matela mengi hauna kitu cha kuushika. Husuguana na chuma safari nzima, ganda linachubuka, na unyevu wa majira ya kukaa ndio unaomalizia kidonda. Ikisoma sifuri, usifungue gurudumu hata moja, kwa kuwa sumaku nne hazifi usiku mmoja kama wahusika wa tamthilia. Kilichokatika kiko kwenye njia yao ya pamoja, plagi, waya wa buluu au ethi. Ikiruka juu kupita kiasi, waya umegusa chuma mahali. Na ikisoma namba isiyokubali kugawanyika kwa tatu, 7 au 8 hivi, shuku viungio, kwa sababu sumaku haifi robo. Namba hizi si msahafu: ukubwa wa breki na hali ya betri huzisogeza kidogo. Lakini nionyesheni kipimo kingine cha dakika tano kinachojua idadi ya wagonjwa kabla hakijaingia wodini.

Kuna anayetegemea kontrola yenyewe, kwamba kioo chake kimeonyesha tela limeunganishwa. Kontrola nyingi huonyesha hivyo mradi zimehisi sumaku huko nyuma, na sumaku moja kati ya nne inatosha kuziridhisha. Ni mwalimu anayeita darasa, akaitikiwa na mtoto mmoja kwa niaba ya wote. Nisipoteze muda hapo.

Mpinzani mkubwa ni yule asiyetaka kupima kabisa. "Kwa nini nijisumbue? Nabadilisha zote." Naye ana hoja kuliko tunavyopenda kukiri. Marekani breki nzima ya gurudumu, sumaku, shuu, springi na sahani yake, huuzwa ikiwa imeshafungwa tayari, unafungua boliti nne au tano, unatoa ya zamani, unaweka mpya, unaunga nyaya mbili. Saa moja ya fundi wa kule inaweza kuuma kuliko kifaa chenyewe. Kwetu, ambako fundi wa gereji atalala chini ya gari tangu asubuhi mpaka adhuhuri kutafuta waya mmoja, na bei ya kipuri ndiyo inayotoa jasho, hoja hii husikika kama kufuru. Kule ni hesabu halali. Kwa breki zilizokula umri wake, shuu zimekwisha na sumaku zimesagika, namkubalia bila kinyongo. Lakini akibadilisha kwa kukisia, akaunga sumaku mpya kwenye waya ule ule wa kisamvu, atakuwa amemfukuza muuza duka kwa sababu daraja la kwenda dukani limebomoka. Ataondoka na breki nne mpya zisizoshika, na safari hii akiwa na risiti ya kumthibitishia kwamba haiwezekani ziwe mbovu. Sentensi yake ya Aprili itakuwa imepata mdogo wake: "Lakini nimeweka mpya!"

Umeme ukishaonekana mzima, ndipo magurudumu yafunguliwe, na yafunguliwe kweli, kwa maana sumaku itachota ampea zake 3 kwa uaminifu hata kama shuu zimezama kwenye grisi. Hapa ndipo utamkuta mshukiwa nisiyeweza kumtaja bila kucheka, naye ni upendo. Ekseli nyingi zina chuchu ya kupitishia grisi mwishoni, chini ya kifuniko cha mpira, ili mwenye tela aweze kulisha beringi bila kufungua kitu. Mwenye tela, kabla ya kuliegesha, alitaka kulitendea wema. Alishika pampu ya grisi, akapiga mara tano, akaona raha, akapiga ishirini. Beringi zilishiba tangu mwanzo. Kilichobaki kilitafuta pa kwenda, kikaipita sili ya nyuma, kikaingia kwenye dramu, na huko kikawa na majira yote ya baridi ya kupenya taratibu ndani ya shuu. Fungua dramu hiyo Aprili: badala ya vumbi kavu la kijivu utakuta kitu cheusi kinachong'aa, kizito kama shira ya kaimati, kimejikusanya chini, na alama ya kidole ikibonyea kwenye shuu kama kwenye mkate uliolowa chai. Shuu ya namna hiyo haifuliki. Kuna wanaoipaka petroli, kuna wanaoichoma kwa moto, na grisi huwangoja ipate joto la mteremko ndipo ichuruzike tena kutoka ndani. Dramu inasafishika, shuu ni za kutupa, na sili ibadilishwe, vinginevyo kazi yote ni ya kurudia. Cha ajabu, aliyefanya wema huu ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba aliliacha zima.

Juu ya kutu nitakuwa mpole kidogo. Wapo wanaosema endesha tu, itajisugua. Wana haki nusu. Ile kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, iliyopaka uso wa dramu kama unga wa binzari, huondoka kwa kukanyaga breki mara chache kwenye barabara tupu, na mwenye tela anayeipigia simu gereji kwa ajili hiyo anajitafutia gharama. Lakini kutu hailingani. Bandu bandu huisha gogo, na kutu iliyokwisha kuchimba mashimo kwenye uso wa dramu haisuguliki na sumaku. Ni yenyewe itakayoisugua sumaku mpaka iishe, kama jiwe la kunolea lililogeuziwa kisu cha plastiki. Ipo na ile inayoiunganisha shuu na dramu, gurudumu likawa halizunguki kabisa, likaburutwa likichora mstari mweusi njiani. Waingereza, ambao tela hili huliita karavani na breki zao ni za nyaya za chuma zinazovutwa tela linapolisukuma gari, wamezoea kuliegesha kwa vigingi kwenye magurudumu na handibreki ikiwa imeachiwa, wakiogopa hilo hilo. Njia ya kuzitenganisha kutu hizi ni moja tu: kutoa dramu na kutazama kwa macho. Hayupo mtu anayeweza kuijua kutu kwa kuiwazia.

Kuna hoja ya mwisho, ya kiume zaidi: pikapu ni kubwa, breki zake ni za diski mbele na nyuma, itasimamisha vyote viwili. Kwenye uwanja wa tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho, itasimamisha. Lakini barabara kuu ya I-70 inatoka kwenye handaki la Eisenhower huko Colorado, karibu meta 3,400 juu ya usawa wa bahari, ikateremka kwa miteremko mirefu ambamo serikali imechonga njia za dharura zenye changarawe za kuyapokea malori yaliyokosa breki. Serikali haichongi vitu hivyo kwa ajili ya mapambo. Tani tatu zinazosukuma kutoka nyuma hazimpi dereva mwendo tu, humpa na ubishi wa mwelekeo: gari linataka kupunguza, tela linataka kupita, na kwa kuwa limefungwa halina pa kupitia ila ubavuni. Majimbo mengi ya Marekani hudai tela liwe na breki zake lenyewe likifika uzito fulani, na kiwango kinachotumika sana ni pauni 3,000, yaani kama kilo 1,360. Sheria hizo hazisemi "liwe lilikuwa na breki Oktoba."

Kwa hiyo nikiulizwa tela lililokaa lianze kupimwa wapi, nasema lisifungwe kwanza kwenye gari. Betri yake ichajiwe. Plagi iwe imechomolewa, ili umeme usirudi ukaiunguza kontrola. Gurudumu moja linyanyuliwe kwa jeki, yaliyobaki yawekewe vigingi. Mbele ya tela, karibu na ndoano, kuna swichi ndogo yenye pini na kamba ya chuma, iliyowekwa kwa ajili ya siku ambayo tela litajifungua njiani: kamba ikivutwa pini inachomoka, betri ya tela inamwaga nguvu zake zote kwenye breki bila kumwuliza dereva. Swichi hiyo ndiyo ya dharura, na kwa sababu ni ya dharura, watu wengi hawajaigusa tangu walinunue tela. Lizungushe gurudumu kwa mkono, chomoa pini. Likisimama ghafla, hilo moja li hai. Shusha, nenda la pili. Likiendelea kuzunguka, chukua dira, ile ile ya kutafutia kibla, isogeze karibu na dramu, kisha mwenzako arudishe pini na kuichomoa tena. Sindano ikiruka, sumaku imeamka, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye chuma: mkono umeshika kutu, shuu zimelowa, au zimekwisha na zinahitaji kurekebishwa zisogee. Sindano ikitulia, ugonjwa uko kwenye waya, au sumaku yenyewe imekatika ndani. Kifaa cha bei ya kilo chache za sukari kimekata kesi kati ya chuma na waya, bila kufungua boliti hata moja.

Ila pini irudishwe mara moja. Nasema hivi kwa kuwa gurudumu la nne likisimama vizuri, furaha hutawala uani, watu hunawa mikono, mtu husema chai iko tayari, na pini inabaki ikining'inia kwenye kamba yake. Sumaku nne zinaendelea kuchota ampea zao kumi na mbili kwa utulivu, zinapata moto ndani ya dramu, betri iliyochajiwa usiku kucha inashuka kidogo kidogo. Mwenye tela hurudi na kikombe mkononi, hulizungusha gurudumu ili amwonyeshe mgeni, gurudumu linazunguka bila kizuizi, naye huapa, safari hii kwa haki kabisa na mashahidi wote wakiwapo, kwamba aliliacha zima.